Skuta ya Rubondo Haitaki Makofi, Inataka Kupimwa

Kila ifikapo tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, makazi ya wakimbizi hugeuka uwanja wa maonyesho. Vikapu hupangwa mezani, sabuni huwekwa kando ya nguo za vitenge, na pembeni, pale vijana wanapojazana, hakikosekani chombo cha fundi wa vyuma. Mwaka huu jiko, mwaka ujao mashine ya kupukuchua mahindi, mwaka mwingine skuta iliyojengwa kutokana na fremu iliyookotwa kwenye vyuma chakavu. Mgeni rasmi huizunguka, huuliza inakwenda kasi gani, huikalia apigwe picha. Kwenye hotuba hutajwa "ubunifu wa vijana wetu". Makofi. Jioni magari meupe yameshaondoka na fundi anakisukuma chombo chake kukirudisha gerejini.

Makofi hayo nimeanza kuyashuku. Kumsifu fundi bila kuikagua kazi yake ni namna ya heshima ya kumwambia kwamba hatukutarajia lolote kutoka kwake. Hakuna anayempigia makofi mhandisi wa kiwanda cha Bajaj. Tunauliza pikipiki yake inabeba kilo ngapi, inakula petroli kiasi gani, vipuri vinapatikana wapi, kisha tunanunua au tunaacha. Hiyo ndiyo heshima anayopewa fundi anayechukuliwa kuwa fundi. Wa Rubondo ameambulia picha.

Rubondo ni mojawapo ya kanda tatu za makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda. Nyingine ni Base Camp na Juru. Nakivale ni ya zamani. Kumbukumbu nyingi hutaja 1958 kuwa mwaka wa kuanzishwa kwake, na waliopokewa mwanzoni walikuwa Wanyarwanda. Leo wakazi walio wengi ni Wakongo, na pamoja nao wapo Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na Waethiopia. Ukitoka Mbarara unashika lami ya kwenda Kikagati, unapita kati ya migomba ya Isingiro, halafu unaiacha lami na kuingia vumbini. Huko ndani pikipiki ndiyo gari la wagonjwa, ndiyo lori la mahindi, ndiyo basi la shule. Mkungu wa matoke hufungwa nyuma, madumu ya maji huning'inizwa ubavuni, na mama mjamzito hupakiwa kati ya dereva na shemeji yake.

Sasa weka bei hapo. Bajaj Boxer mpya, pikipiki inayoibeba Uganda mgongoni, inapita shilingi milioni 5. Mwezi Mei 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilisema limelazimika kuwaondoa watu milioni moja nchini Uganda kwenye msaada wa chakula kwa kukosa fedha. Familia iliyopoteza mgao wa unga haitaingia duka la pikipiki Mbarara. Lakini pikipiki iliyogongwa hufa kwa mafungu. Injini huuzwa kwanza, kisha magurudumu, kisha foki na taa, na fremu tupu hubaki imeegemezwa ukutani ikisubiri mnunuzi wa vyuma chakavu apite na mizani. Hapo ndipo fundi mwenye jicho huingia kati, akampa mwenye fremu pesa kidogo zaidi ya ile ya kilo.

Niseme kinachofuata baada ya hapo, kwa sababu wanaopiga makofi hawakijui, na wanaokataza hawakijui vilevile.

Kazi huanza kwa macho kabla ya grainda. Fremu iliyotoka kwenye ajali hudanganya. Rangi inaweza kuwa nzima na chuma kimekunjika. Fundi makini huiweka fremu wima, huvuta uzi kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele pande zote mbili, huning'iniza timazi kwenye shingo ya usukani na kupima. Shingo iliyopinda kidogo tu humfanya dereva apigane na usukani safari nzima, na breki ikishikwa ghafla chombo hujichagulia upande. Hapo hakuna cha kubahatisha. Fremu isiyonyooka na isiyoweza kunyooshwa irudi kwenye mizani ya vyuma chakavu, hata kama imeshalipiwa.

Halafu linakuja swali la kwa nini skuta. Pikipiki ya kawaida ina bomba la juu linalotoka shingoni hadi chini ya siti, na lazima utupe mguu juu kulivuka. Skuta haina bomba hilo. Mwanamke aliyevaa kitenge huingia na kukaa bila kuhangaika, mzee mwenye magoti mabovu vilevile, na pale katikati ya miguu hukaa dumu la lita 20 au mfuko wa maharage, karibu na ardhi, mahali ambapo uzito hausumbui. Kwa mahitaji ya Rubondo naiona skuta kuwa chombo bora kuliko Boxer yenyewe. Ajabu ni kwamba karibu kila tunachoendesha huku kimesanifiwa kwa ajili ya mwanamume aliyevaa suruali.

Ila bomba la juu halikuwekwa kwa urembo. Gurudumu la mbele likiingia shimoni, nguvu yote hupanda kwenye foki, hufika shingoni na kutaka kuikunja fremu. Bomba la juu na la chini hugawana mzigo huo. Ukikata la juu, la chini linabaki peke yake. Skuta nyingi za kujitengenezea hufia hapo, na wakati mwingine pamoja na aliyezipanda. Vespa ya Waitaliano ililitatua tatizo hilo kwa kuufanya mwili mzima wa bati kuwa ndiyo fremu. Honda Super Cub ililitatua kwa uti wa mgongo mmoja mnene wa chuma kilichokandamizwa, unaoshuka chini kisha kupanda kwenye siti. Fundi wa Rubondo hana mashine ya kukandamiza chuma. Anachoweza kufanya ni kulaza mabomba mawili sambamba chini, ayaunganishe kwa vipande vya kukingama, kisha aweke pembetatu za chuma pale shingoni, maana ufa huanzia hapo.

Uchomeleaji nao una elimu yake. Bomba la fremu lina ukuta mwembamba. Moto ukizidi linatoboka, na fundi aliyetoboa mara mbili huogopa, hupunguza moto, na matokeo yake ni chuma kilichoyeyuka na kutambaa juu kama ute wa konokono bila kuingia ndani. Kwa macho fremu imeunganika. Kwa nguvu haijaunganika. Tena hata pale ilipochomelewa vizuri, chuma huwa na tabia ya kukatika kando ya kiungo, mahali moto ulipokibadilisha bila kukiyeyusha. Dawa yake inajulikana duniani kote na haihitaji mashine ya bei mbaya: ndani ya kiungo ingiza kipande cha bomba jingine kinachokaza, ukate mabomba kwa mshazari badala ya kuyakata wima, utoboe matundu pembeni na kuyachomelea nayo, ili mzigo usambae. Na bomba la maji la mabati lisiguse fremu. Zinki yake ikiungua hutoa moshi unaomlaza fundi na homa usiku, na chuma chenyewe hakikutengenezwa kubeba mtu kwenye mashimo.

Injini ndiyo huamua sura ya chombo. Silinda ya Boxer imesimama, hivyo haikai chini ya miguu kama ile ya Super Cub iliyolala. Fundi atalazimika kuirudisha nyuma chini ya siti. Uzito ukienda nyuma, gurudumu la mbele huwa jepesi, na ukipanda kilima na gunia nyuma usukani huanza kuelea. Suluhisho ni kuurefusha mkono unaoshika gurudumu la nyuma, au kuhamishia mzigo mbele, au kutafuta injini ya Kichina ya silinda iliyolala, iliyotokana na usanifu uleule wa Honda. Kila chaguo lina gharama yake, na anayechagua kwa kujua sababu ni mhandisi hata kama hajavuka darasa la saba. Magurudumu nayo yabaki ya inchi 17. Vile vigurudumu vya inchi 10 vya skuta za mjini vilitengenezwa kwa ajili ya lami, na barabara za Nakivale zitavimeza msimu wa kwanza wa mvua.

Nimelieleza hili kwa urefu makusudi. Ukisoma hayo yote utaona ni mambo ya kupimika. Uzi unapima. Timazi linapima. Kiungo kinaweza kukaguliwa, breki inaweza kujaribiwa, mzigo unaweza kuwekwa juu na chombo kikapitishwa kwenye mashimo mpaka kiseme ukweli. Ubora wa skuta ya Rubondo hauhitaji kubishaniwa kwa hisia, wala kwa huruma.

Wakongo wa Kivu wana historia yao katika jambo hili. Chukudu, kile chombo cha mbao chenye magurudumu mawili kinachoshuka milima ya Masisi na Rutshuru kikiwa kimesheheni viazi, makaa na kabichi hadi Goma, ni skuta isiyo na injini. Mafundi wake huchonga mikaratusi kwa panga, huvisha magurudumu mpira wa matairi yaliyochakaa, na kwenye ubao hupigilia kipande cha mpira ili goti la msukumaji lisichubuke. Chombo hicho hubeba mamia ya kilo. Goma wamekijengea sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara, na kila mgeni huipiga picha. Sanamu hiyo naipenda, lakini hainipi amani. Msukuma chukudu anayepita chini yake bado anashuka mlimani akitegemea breki ya kipande cha tairi. Sanamu nayo ni makofi, tofauti ni kwamba haya hayanyamazi.

Wanaodharau vyuma chakavu wakumbuke mwaka 1946. Japani ilikuwa imebomolewa na vita. Katika mji wa Hamamatsu, Soichiro Honda alipata shehena ya injini ndogo zilizokuwa zikiendesha jenereta za redio za jeshi, akazifunga kwenye baiskeli. Tangi la mafuta la chombo chake cha kwanza lilikuwa chupa ya kukandia maji ya moto. Mwaka huohuo Italia, kampuni ya Piaggio, ambayo kiwanda chake cha ndege huko Pontedera kilikuwa kimepigwa mabomu, ilisajili hataza ya Vespa, kazi ya Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege aliyekuwa hazipendi pikipiki. Skuta ya kisasa ilitoka kwa watu walioshindwa vita, waliokaa kati ya vifusi.

Kizazi cha Vespa kilifika mbali. Bajaj ya India, hiyohiyo ya Boxer, ilianza kwa kutengeneza Vespa kwa leseni ya Piaggio mwanzoni mwa miaka ya 1960. Leseni ilipokwisha ikatoa skuta yake ya Chetak mwaka 1972. Mwisho wa mwaka 2009 ikatangaza inaachana na skuta ili ishike pikipiki, na baada ya miaka kumi hivi Chetak ikarudi ikiwa ya umeme. Naye Honda alitoa Super Cub mwaka 1958, mwaka uleule unaotajwa kuwa wa kuzaliwa kwa Nakivale. Kufikia 2017 Super Cub zilizotengenezwa zilikuwa zimevuka milioni 100.

Usinielewe vibaya. Sisemi kuna Honda amejificha Rubondo akisubiri kugunduliwa. Hadithi za namna hiyo ni makofi yaleyale kwa lugha nyingine. Ninachokitazama ni kilichofuata Hamamatsu. Injini za jeshi zilipokwisha, Honda alitengeneza yake mwaka 1947. Mwaka 1948 akasajili kampuni. Chombo chake kiliuzwa kwa watu wasiomjua, kikaenda miji ambayo yeye hakuwahi kuifika, kikapata mahali pa kuandikwa. Kipaji kilikuwepo siku ya kwanza kwenye ile chupa ya maji ya moto, na kingebaki hapohapo kama chombo kisingeruhusiwa kutoka mtaani.

Cha Rubondo hakiruhusiwi kutoka. Kisheria chombo chochote cha moto kinachotembea barabara ya umma nchini Uganda lazima kisajiliwe, na kadi ya usajili hubeba namba ya fremu na namba ya injini. Lazima pia kiwe na bima ya mtu wa tatu, kwa sheria ya mwaka 1989. Skuta yetu ina fremu ya pikipiki moja, injini ya nyingine, foki ya pikipiki ya tatu, na uti wa mgongo ambao haujawahi kuwa na namba. Ofisi ikiulizwa hiki ni nini, haina kisanduku cha kukiandika. Vijijini kwenye vumbi watu hukiacha kipite. Kikifika lami ya Isingiro, askari wa trafiki atafanya kazi yake, na hatakuwa amekosea. Soko la fundi basi linaishia pale lami inapoanza. Hawezi kuuza Mbarara, hawezi kukopa kwa dhamana ya chombo alichokitengeneza, na mteja wake akigonga mtu hakuna bima.

Kuna kisa kinachosimuliwa cha Mfaransa Emile Leray, ambaye mwaka 1993 gari lake aina ya Citroën 2CV lilimharibikia jangwani kusini mwa Morocco, akalifumua na kujitengenezea pikipiki ya kumtoa huko. Wapo wanaoutilia shaka usimulizi wake, lakini chombo kipo na picha zipo. Sehemu inayonivutia ni ya mwisho. Inasemekana askari waliomkuta walimtoza faini, kwa sababu nyaraka zake zilikuwa za gari na yeye alikuwa juu ya pikipiki. Watu hucheka wakifika hapo. Fundi wa Rubondo hatacheka.

Wengine wamelikabili jambo hili kwa namna mbalimbali. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya India iliamua kwamba vyombo vya kuungaunga vinavyoitwa jugaad ni magari kama magari mengine, kwa hiyo vinabanwa na sheria ya usajili. Mwezi Aprili 2022 jimbo la Punjab lilitoa amri ya kupiga marufuku mikokoteni iliyotengenezwa kwa pikipiki kuukuu, na siku chache baadaye likaiondoa amri hiyo kwa kelele za maskini wanaoitegemea. Kukataza kulishindikana, na kuruhusu bila ukaguzi kukarudi kama zamani. Uingereza walikwenda njia nyingine. Tangu 1983 chombo ambacho asili yake au umri wake haujulikani kinaweza kupewa namba inayoanza na herufi Q, na pikipiki ya kujitengenezea hupelekwa kwenye ukaguzi wa chombo kimojakimoja. Haiulizwi imetoka kiwanda gani. Inaulizwa kama breki zinashika, kama taa zinawaka, kama viungo ni imara. Ikifaulu inapata namba. Herufi ile Q haina heshima kubwa barabarani, na wenye chombo hulalamika kwamba inashusha bei. Ila wanalalamika wakiwa wanaendesha.

Najua kitakachojibiwa, na jibu hilo lina uzito. Ripoti ya polisi ya Uganda ya mwaka 2024 ilihesabu vifo zaidi ya 5,000 barabarani, na waendesha pikipiki pamoja na abiria wao ndio kundi linaloumia kuliko yote. Je, tuongeze vyombo vya kuchomelewa chini ya mwembe? Lakini vyombo hivyo vipo tayari. Vinabeba watoto leo, bila mtu hata mmoja aliyevuta uzi kati ya magurudumu mawili. Anayeogopa ajali kwa dhati anapaswa kuwa wa kwanza kudai ukaguzi. Hata Boxer za kiwandani zinazopita gereji za vijijini baada ya ajali huchomelewa upya na kurudi barabarani na namba zao halali, na fremu ikiwa imepinda vilevile. Namba halali haijanyoosha fremu yoyote.

Hoja ya wizi ni nzito zaidi kwangu. Fremu isiyo na karatasi inaweza kuwa ya mtu aliyenyang'anywa pikipiki yake usiku Mbarara. Kwenye hili nitasimama na polisi. Fundi asinunue fremu ambayo namba ya shingoni imesagwa, na mwenyewe asiisage kwa sababu yoyote ile, hata kama kiungo kipya kinapita hapohapo. Namba hiyo ndiyo ushahidi wake kwamba si mwizi. Aandike kwenye daftari amenunua kwa nani, lini, kwa shilingi ngapi, na muuzaji atie saini mbele ya mwenyekiti wa baraza la kijiji, lile la LC1, au wa baraza la ustawi wa wakimbizi, lile wanaloliita RWC. Polisi wakipewa namba mapema wataitafuta kwenye orodha ya zilizoibwa. Kazi ya nusu saa.

Kuna watakaosema nimechelewa, kwamba Kampala tayari ina bodaboda za umeme na petroli ina siku za kuhesabika. Sawa, zije. Betri nayo hubebwa na fremu, tena ni nzito.

Kinachonifanya niamini kwamba jambo hili linawezekana Uganda, pengine kuliko kwa majirani, ni kwamba nchi hii imeshalifanya kwa binadamu. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi, jambo ambalo nchi nyingi tajiri zinasitasita kulifanya. Na kwa miaka mingi Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwandani ilikuwa ikimpima fundi asiye na cheti cha shule, ikimwambia chomelea hapa, funga injini hii tuone, kisha ikampa hati ya Worker's PAS inayosema anaweza nini. Hakuulizwa alisoma chuo gani. Serikali imekubali kwamba ujuzi uliopatikana chini ya mwembe unapimika na kuandikwa. Kilichobaki ni kukubali hivyohivyo kuhusu kitu kinachotoka mikononi mwa fundi huyohuyo. Kumpa mtu hati ya uchomeleaji, kisha kukikataa alichochomelea bila kukiangalia, ni kujipinga.

Ninachopendekeza ni kidogo. Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, ambayo sasa ndiyo yenye kazi ya usajili wa vyombo vya moto, itenge daraja moja la usajili kwa vyombo vilivyojengwa upya. Mara moja kila miezi mitatu mkaguzi wake afike Isingiro, au Nakivale kwenyewe, pamoja na askari wa trafiki mwenye orodha ya pikipiki zilizoibwa. Chombo kipimwe unyoofu, viungo, breki, taa na mzigo. Kikishindwa, fundi aandikiwe kimeshindwa wapi, kwa lugha anayoisoma, na arudi miezi mitatu ijayo. Kikifaulu, kigongwe namba mpya shingoni kando ya ile ya zamani, uzito wa mwisho kinaoruhusiwa kubeba uandikwe kwa rangi ubavuni, na kipewe kibao cha kutembea Isingiro na Mbarara kwa kasi isiyozidi kiwango watakachokiona kinafaa. Serikali iliyoanza kufunga namba za kidijitali kwenye vyombo vya nchi nzima haiwezi kusema imeshindwa kuigongea namba skuta ya Rubondo.

Sehemu ya upimaji wala haihitaji kusubiri wizara. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kina kampasi Kihumuro inayofundisha uhandisi. Wanafunzi wake wanahitaji miradi ya mwisho wa mwaka, na huko Nakivale kuna viungo vya kuvunja, fremu za kupima, na mafundi wenye maswali ambayo vitabu havijayajibu: pembetatu ya shingoni iwe na unene gani, mkono wa nyuma urefushwe kwa kiasi gani kabla cheni haijaanza kuruka. Wachukue fremu tano, wazipakie mawe mpaka zikatike, waandike zilikatikia wapi. Karatasi hiyo moja, ikibandikwa ukutani kwenye kila gereji ya Rubondo, Juru na Base Camp, itaokoa watu wengi kuliko hotuba zote za tarehe 20 Juni.

Mashirika yanayogawa vyerehani na mitaji midogo nayo nayaomba jambo moja. Kabla hamjaandaa maonyesho mengine, nunueni seti za kupimia na mlipe nauli ya mkaguzi kutoka Mbarara. Na ewe mgeni rasmi, ukioneshwa skuta iliyojengwa kwa fremu ya kuokota, usiikalie kupigwa picha. Omba uzi na timazi, piga goti, angalia kiungo cha shingoni, kisha uliza inauzwa shilingi ngapi.